Helmeti si sare ya kukulia: mwongozo wa kumvalisha mtoto anayepanda pikipiki

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi tunapiga hesabu ileile. Sare inanunuliwa saizi moja juu, sweta linakunjwa mikono, viatu vinasokotewa pamba puani, na mtoto anaambiwa asilalamike, atavikulia. Kwa sare hesabu hiyo inalipa. Kwa helmeti inaua.

Nililiona hilo vizuri Kariakoo, siku niliyompeleka binti yangu wa miaka kumi kununua helmeti yake ya kwanza. Kijana wa dukani alimvisha helmeti ya mtu mzima, saizi L, akamfunga mkanda, akanigeukia kwa furaha: "Mama, hii anaikulia mpaka sekondari." Nikamwambia binti atikise kichwa kama anayekataa uji. Kichwa kiligeuka kushoto na kulia. Helmeti ikabaki palepale, inamtazama muuzaji.

Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile. Nimeyapanga kwa mfuatano wa kununua, kwa sababu wengi wetu hatuna fedha ya kununua vyote kwa mkupuo.

Kabla ya kununua chochote: je, mtoto anafaa kupanda?

Tanzania Bara, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zinakataza kumpakia kwenye pikipiki mtoto aliye chini ya miaka tisa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza au la pili hayumo kwenye mwongozo huu, hata ukimvalisha vifaa vya mbio za dunia. Wake ni daladala, basi la shule, bajaji, au miguu yake na mkono wa mtu mzima.

Aliyetimiza miaka tisa naye bado ana mtihani. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mkalishe nyuma, magoti yakunjike kawaida. Nyayo zake ziguse vikanyagio vya abiria, na si kwa ncha za vidole. Uingereza, ambako sheria haitaji umri wa chini wa abiria, kigezo ni hicho hicho cha miguu kufika kwenye vikanyagio. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hana pa kujishikiza dereva akikanyaga breki, na visigino vyake vinacheza jirani na spoku za gurudumu la nyuma. Huyo asubiri, ataongezeka kimo.

Jambo la tatu mnalijua, ila tunalifumbia macho tukichelewa asubuhi: mshikaki. Dereva mmoja, abiria mmoja. Wala mtoto hakai mbele juu ya tangi. Pale mbele, pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye anayekuwa mto wa dereva.

Helmeti: hapa ndipo fedha iende

Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti inapunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna jaketi wala kiatu kinachokaribia hapo. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe elementi, kama tunavyoiita mtaani.

Anza na kipimo, tena ukiwa nyumbani. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani kidole kimoja juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na kwenye kile kinundu cha kisogoni. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Kama huna futi, tumia uzi na rula ya shule. Watoto wengi wa miaka tisa hadi kumi na moja wanaangukia kati ya sentimita 51 na 54. Sasa linganisha: kwa kampuni nyingi M ya watu wazima ni 57 hadi 58, na L ni 59 hadi 60. Tofauti ya sentimita tano au sita ndiyo inayoifanya helmeti izunguke kama sufuria juu ya kijiti. Unachotafuta ni saizi ya watoto, mara nyingi inaandikwa Y mbele (YS, YM, YL), au kwa mwenye kichwa kikubwa kidogo, XS ya watu wazima, ambayo huwa 53 hadi 54. Jedwali la kila kampuni lina namba zake, kwa hiyo ukifika dukani uliza sentimita, usiulize "ya mtoto ipo?" Ukiuliza hivyo utapewa yenye katuni.

Sasa geuza helmeti uangalie ndani. Muuzaji atakuonyesha rangi na kioo; wewe angalia povu. Chini ya kitambaa kuna povu gumu, la aina ile inayokuja imeizunguka TV mpya ndani ya boksi. Hilo ndilo linalobondeka badala ya kichwa. Liwe nene karibu sentimita mbili na nusu na lizunguke mpaka kisogoni. Ukibonyeza kitambaa kidole kikakutana mara moja na plastiki ngumu, au ukakuta sponji laini tupu kama ya godoro, rudisha. Hiyo ni kofia ya kumpita trafiki. Helmeti za ujenzi na zile nusu zinazoachia masikio nje usizishike kabisa.

Baada ya povu, alama. Alama ya TBS, na kwa wasomaji wa Kenya ya KEBS, ni mwanzo mzuri, lakini stika yoyote inaweza kuchapishwa uchochoroni, basi tafuta zaidi ya stika. Helmeti iliyopita kipimo cha Umoja wa Mataifa namba 22 huwa na lebo ya kitambaa iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni: herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali. 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania, 11 Uingereza. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06. 06 ndilo toleo jipya, lenye majaribio mengi zaidi. Namba hiyo huambatana na herufi: P ni kinga ya kidevu iliyopimwa, J ni helmeti ya uso wazi, na NP maana yake kile kidevu unachokiona ni pambo, hakikupimwa kama kinga. Kwa mtoto chagua P. Mtoto akianguka meno na taya hutangulia, na meno yake ya mbele ya sasa ndiyo ya kudumu.

Helmeti nyingi zinazofika kwetu zinatoka India. Hizo zina alama ya viwango vya India, ISI, na namba IS 4151, na kipimo hicho ni cha pikipiki kweli. Stika ya DOT ya Marekani naipa uzito mdogo: kwa mfumo wao mtengenezaji anajithibitisha mwenyewe kabla ya kuuza, na ndiyo stika rahisi kuliko zote kughushi. Ikiwepo peke yake kwenye helmeti nyepesi kama bakuli la plastiki, cheka halafu pita.

Vipi helmeti ya baiskeli? Inapatikana kwa saizi za watoto, nyepesi, bei yake nzuri, na nimeona wazazi wengi wakiinunua kwa nia njema. Kipimo chake cha Ulaya, EN 1078, ni sawa na kuidondosha kutoka mita moja na nusu. Cha pikipiki, kwenye toleo la 05, ni mita 7.5 kwa sekunde, yaani kama kuiachia kutoka karibu mita tatu. Ni vitu viwili tofauti. Ya baiskeli ibaki kwenye baiskeli.

Kisha uzito. Shingo ya mtoto ni nyembamba, na kuna wazazi wanaokataa helmeti kabisa kwa hofu hiyo. Jibu ni kununua nyepesi iliyopimwa. Helmeti nzuri ya mtoto inayofunika uso mzima huwa karibu kilo moja hadi moja na robo. Ya mtu mzima hufika kilo moja na nusu. Beba mzani wa jikoni ukiweza. Mimi nilibeba, wakanicheka, nikapima.

Jaribio la dukani, dakika kumi na tano

Hapa muuzaji ataanza kukosa subira. Mwambie, "Kaka, nivumilie, nanunua." Kisha:

1. Mvishe mtoto, usifunge mkanda. Mashavu yabanwe kidogo, awe kama ana maandazi mdomoni. Ukingo wa juu ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi, si katikati ya paji.
2. Shika helmeti kwa mikono miwili, izungushe taratibu. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Helmeti ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa.
3. Funga mkanda mpaka kidole kimoja tu kipite chini ya kidevu. Simama nyuma yake, shika ukingo wa kisogoni, jaribu kuivua kwa kuivuta juu na mbele. Usiogope kutumia nguvu kiasi. Ikitoka, haijalishi ina alama za nchi ngapi.
4. Mwache akae nayo robo saa mkiongea habari nyingine. Ukivua ukakuta alama nyekundu nzito sehemu moja ya paji, umbo la helmeti haliendani na kichwa chake. Jaribu kampuni nyingine, usipande saizi.

Bizimu ya mkanda nayo ina siri. Ile ya kubofya ni rahisi kwa mtoto, lakini za bei ya chini meno yake huisha. Vikuku viwili vya chuma vyenye umbo la D vinachosha kujifunza, ila havichakai upesi. Chochote utakachochagua, mtoto ajue kukifunga na kukifungua mwenyewe, gizani, kabla hamjaondoka dukani.

Nywele zibadilishe ratiba yako ya kununua. Mtoto mwenye upara wa shule hana shida. Mwenye rasta nene au twende kilioni apimwe akiwa amesukwa, na mtindo wa fundo kubwa utosini usahaulike siku za shule, kwa sababu fundo linaipandisha helmeti na kuacha nafasi tupu. Shanga na vibanio vitoke. Kwa anayevaa ushungi, kitambaa chepesi cha pamba kilichobana kinakaa vizuri chini ya helmeti. Pini ziondolewe zote, na ncha ziingie ndani ya sweta.

Ukikosa saizi Kariakoo, na kukosa kunatokea sana, fikiria jamaa walioko Dubai, Muscat au Ulaya. Mtumie sentimita, si umri. Kampuni ya LS2 ina helmeti za watoto, na ya HJC ina helmeti ya watoto iitwayo CL-Y. Mwambie aipakie kwenye boksi lake na soksi zijazwe ndani yake, isitumwe ikigongana na masufuria. Ya mtumba sinunui. Helmeti iliyowahi kuanguka na kichwa ndani haionyeshi jeraha lake kwa nje, na hakuna muuzaji atakayekusimulia ilipotoka.

Miguu, ambayo watu wanaisahau

Baada ya kichwa ningetarajiwa kuandika jaketi. Siandiki jaketi. Ajali ya mtoto ambayo madaktari wa mifupa wanaijua sana haihitaji hata pikipiki kuanguka: kisigino kinaingia kwenye spoku. Ya pili ni kuungua shavu la mguu kwenye ekzosi wakati wa kushuka.

Kwa hiyo kitu cha pili ni kiatu kinachofunika kifundo. Kwenye mitumba ya Karume na Manzese viko vingi: buti ndogo za ngozi za kupandia milima, za kamba, zenye soli ngumu. Jaribu kuikunja soli kwa mkono. Ikikunjika kama chapati, acha. Kamba zifungwe halafu ncha zichomekwe ndani, maana kamba inayopepea karibu na mnyororo ni ajali inayosubiri. Viatu vyeusi vya shule viingie kwenye begi, abadilishe akifika. Kandambili hata kwa safari ya dukani, hapana.

Pikipiki yenyewe nayo ivalishwe. Nyingi za aina ya Boxer huja na wavu wa pembeni ya gurudumu la nyuma, uliobuniwa India kuzuia sari zisinaswe. Madereva wengi huung'oa. Wako urudishe, na upande wa pili mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze mwingine. Angalia pia kama ngao ya ekzosi bado ipo. Mtoto azoeshwe kupanda na kushuka upande wa kushoto, kwa sababu ekzosi kwa kawaida iko kulia.

Magoti, viganja, mgongo

Hapa mitumba ni rafiki. Anayeanguka hujikinga kwa viganja, kisha magoti na viwiko. Glavu za ngozi za mtoto, hata zile za baiskeli zenye vidole vizima, zinatosha kwa mwendo wa mtaani. Kinga za magoti na viwiko za watoto wa motokrosi hutokea kwenye marobota ya vifaa vya michezo; tafuta lebo ya EN 1621-1, na kwa kinga ya mgongo EN 1621-2. Za kuteleza kwa magurudumu zina plastiki ngumu nje na sponji ndani: si za pikipiki, lakini zinazuia goti lisichunike, na mimi nimezitumia.

Ujanja wangu ni huu. Nilinunua suruali ya jinzi nzito na jaketi nene la mtumba, nikampelekea fundi cherehani pamoja na kinga zile. Alishona mifuko ya ndani magotini na viwikoni, zikakaa pale pale zinapotakiwa badala ya kuteremka mpaka ugokoni. Binti anavaa suruali juu ya kaptula ya michezo, sketi ya shule iko begini. Jinzi peke yake kwenye lami haidumu, lakini ni afadhali kuliko goti tupu. Kwa fundi huyo huyo, kitu kimoja usimpelekee: mkanda wa helmeti. Ukikatika, helmeti imekwisha.

Khanga, mtandio, koti refu la mvua, vyote vinavyopepea vibaki nyumbani au vifungwe. Masika nunua koti na suruali ya mvua vilivyotengana, vyenye lastiki mikononi na miguuni. Lile koti la mvua la kujitupia mwilini hujaa upepo kama tanga.

Aonekane

Sehemu hii ni fupi na bei yake ni ndogo. Reflekta ya mtu mzima humfika mtoto magotini na kufunikwa na begi, kwa hiyo haifanyi kazi. Nunua mkanda wa kuakisi wa mita, ushonwe nyuma ya begi, mikononi mwa jaketi, na vipande viwili vya kubandika kisogoni mwa helmeti. Kenya sheria inamtaka dereva na abiria wake wote wavae helmeti na kizibao cha kuakisi, mtoto hajasamehewa.

Kama dereva si wewe

Wengi hatuendeshi. Tuna bodaboda wa kila siku, kijana tunayemjua kwa jina na kijiwe. Kaa naye kabla ya wiki ya kwanza, mwambie wazi: "Mdogo wangu, huyu nakukabidhi peke yake, humchanganyi na mwingine, na huondoki kabla hajafunga mkanda." Mlipe vizuri kidogo ili asilazimike kukimbizana na safari nyingine. Helmeti ni ya mtoto, haipandi na dereva kwenda kwa abiria wengine. Mwombe mwalimu wa darasa nafasi ya kuiweka. Sakafu ya darasa inafaa, juu ya kabati haifai, itadondoka.

Mfundishe mtoto mambo matatu: asipande mpaka aambiwe, akumbatie kiuno cha dereva au ashike chuma cha nyuma, na asilale. Hili la kulala ni la jioni, akitoka masomo ya ziada. Mtoto aliyechoka husinzia kwa mlio wa injini na mikono inalegea. Siku hiyo mchukulie bajaji. Mikanda ya kumfunga mtoto kwa dereva inauzwa mtandaoni, na India tangu 2023 inailazimisha kwa walio chini ya miaka minne. Kwa mtoto wa miaka kumi siipendi, maana pikipiki ikilala dereva humburuza. Mkanda wa kiunoni kwa dereva wenye vishikio viwili unampa mtoto pa kushika bila kumfunga.

Kuitunza

Joto la Dar na jasho la mtoto vitafanya kazi yao. Vua kitambaa cha ndani kila wiki mbili, fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini. Usisafishe gamba kwa petroli wala tina, na usimruhusu kaka yake aipulizie rangi. Vitu hivyo hula plastiki na povu bila kuonekana. Kioo kikichakaa mpaka taa za magari zinakuwa kama nyota, badilisha kioo.

Mpime kichwa kila shule zinapofunguliwa, Januari na Julai. Helmeti iliyomwacha, ambayo haijawahi kuanguka na haijatimiza miaka mitano, inarithiwa na mdogo wake, naye apitie jaribio lote la robo saa upya. Iliyopigwa chini kwenye ajali, hata kama inang'aa, usiigawe wala usiitupe nzima. Chukua kisu, kata mkanda vipande viwili, ndipo uitupe, kwa sababu mtu ataiokota, ataifuta vumbi, na kesho iko juu ya meza inauzwa.